Muulize Nesi: Mbona mwanangu hakuwekewa maji?

*Shikamoo Bi Nesi. Mwanangu ana miaka minne. Usiku alishikwa na homa kali, tukamkimbiza hospitali ya serikali, ikaonekana ni malaria. Nesi akambonyeza ukucha, akatazama saa, akambonyeza tena. Wakamdunga sindano na kumlaza. Nikauliza dripu iko wapi, nikaambiwa haihitaji. Mtoto wa jirani, kwenye kliniki ya kulipia, aliwekewa maji tangu mlangoni. Au sisi wa bure hatuna haki? – Baba Salim, Kisauni*

Marahaba, Baba Salim, na pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, na hakuna kilichoniletea matusi kama dripu ambayo sikuitundika. Kwetu Pwani mgonjwa asiye na chupa juu ya kichwa, wageni wanaokuja kumtazama huona hajatibiwa.

Vitabu tulivyosomea vilisema mtoto mwenye homa kali aliyepoa mikono na miguu, mjaze maji haraka ndani ya saa moja. Tukafanya hivyo. Kisha watafiti wakaamua kulipima jambo lenyewe, na si mbali: Kilifi, Muheza kule Tanga, na hospitali nne za Uganda. Watoto 3,141. Wengine walijazwa maji haraka, wengine wakapewa dawa, damu wakihitaji, na maji ya kawaida ya polepole tu. Wengi tulijua jibu kabla ya kusikia jibu. Lakini Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake: katika saa 48 za mwanzo, kati ya kila watoto 100 waliojazwa maji walikufa kama 10 au 11. Wale wasiojazwa, walikufa 7. Walipochunguza zaidi waliona vifo vilivyozidi vilitokana hasa na moyo na mzunguko wa damu kuporomoka.

Kwa hiyo nesi yule hakuwa anacheza na kidole cha Salim. Unabonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, unaachia, unahesabu sekunde. Rangi ikirudi upesi, sekunde mbili hivi, damu inafika mpaka ncha za vidole. Ikichelewa, mtoto huyo huondoki kitandani pake. Alirudia kwa sababu mara moja haitoshi kwa mtoto anayelia na kujinyonganyonga. Mimi ningemshukuru.

Na sindano, ikiwa ni artesuneti, ndiyo tiba yenyewe. Utafiti uliotolewa 2010, wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, uliilinganisha na kwinini: vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini. Badala ya kuulizia dripu, ulizia damu ya mtoto ni ngapi na sukari yake ni ngapi. Hivyo viwili ndivyo vinavyowaangusha watoto wa malaria usiku wa manane.

Ila nisieleweke vibaya. Mtoto aliyeharisha na kutapika mpaka macho yameingia ndani hakuwamo kwenye utafiti ule. Huyo maji ndiyo uhai wake, ya pakiti kwa kijiko au ya dripu akishindwa kunywa. Ama kliniki ya jirani, sijui mtoto wao alikuwa na nini. Najua tu kwamba dripu huandikwa kwenye bili.

*Bi Nesi, mama mkwe wangu ana miaka 74, hana presha wala sukari, na Marikiti huenda kwa miguu yake. Kila usiku baada ya isha humeza aspirini ndogo, eti inasafisha damu. Siku hizi choo chake ni cheusi kama lami. Nimkataze? – Mke wa mwana, Majengo*

Huyu nilimpigia simu siku ileile. Choo cha namna hiyo ni damu inayovuja tumboni, na hapo mtu hupelekwa hospitali, haandikii gazeti.

Kwa wengine mnaowanunulia wazee aspirini kama peremende: mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wazee 19,114 wa Australia na Marekani, wazima, wengi wao wa miaka 70 na zaidi. Miligramu 100 kila siku, kwa karibu miaka mitano. Haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, ila waliovuja damu vibaya walifika asilimia 3.8, dhidi ya 2.8 kwa waliomeza kidonge kitupu. Na wale walikuwa wakifuatiliwa na madaktari. Mzee wa Majengo huongeza juu yake vidonge vya magoti vya duka la dawa, bila kumwambia mtu.

Aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, au aliyezibuliwa mshipa, utafiti huu haumhusu. Asiache aspirini kwa kunisoma mimi.

*Nina mimba ya kwanza. Bibi yangu asema damu nyingi baada ya kuzaa ni uchafu unatoka, niiache. Kweli? – Changamwe*

Bibi mheshimu, ila hili usimfuate. Damu hiyo ndiyo inayoua wazazi. Kukadiria kwa macho hudanganya hata wakunga wazoefu. Katika utafiti wa 2023, hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, nusu yao walimwekea mzazi shuka ya plastiki yenye mfuko wa kupimia. Damu ikifika mililita 500, au 300 pamoja na dalili nyingine, kila kitu kilianza kwa pamoja: kusugua kizazi, dawa za kukikaza, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipa, kutafuta chanzo. Waliovuja kupindukia, kupasuliwa au kufa kwa damu walikuwa asilimia 1.6, dhidi ya 4.3 kwenye hospitali zilizoendelea na mtindo wa zamani.

(Naam, Baba Salim, hapa maji ya mshipa yamo.)

Ukienda kliniki muulize mkunga damu wanaipima vipi. Hata kama hawana mfuko huo, ukishajifungua ukahisi khanga inalowa tena na tena, usione haya kuita kwa sauti.