Barua kwa mwanangu: kuuza mechi wakati timu inafungwa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Umeniandikia kwamba umepata kazi ya ofisa masoko katika timu ya Championship, ligi ya chini ya Ligi Kuu yetu, uwanja unachukua watu 4,000, wanaokuja ni 400, na viongozi wanakuambia mashabiki watarudi timu ikianza kushinda. Unauliza uanzie wapi wakati kila wiki mnafungwa.

Anza kwa kuikataa hoja ya viongozi wako, kwa adabu. Muuza sabuni anajua povu litatoka. Wewe hujui Jumamosi itaishaje, na kocha naye hajui. Ukitangaza ushindi unauza kitu usichokuwa nacho. Uza alasiri nzima: watu watakaokutana, ngoma, chakula, mtoto wa mtaani kwao aliyepangwa kikosi cha kwanza. Hayo yako mikononi mwako.

Tazama Simba na Yanga. Simba wana Simba Day tangu 2009, na Yanga wana Wiki ya Mwananchi. Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 hufurika siku ambayo hakuna hata pointi moja inayogombewa. Watu hulipa waone wachezaji wapya wakitambulishwa, wasikie muziki, wavae jezi mpya na wawe pamoja. Shabiki mwenyewe ni sehemu ya bidhaa: jukwaa linaloimba humvuta mwenzake, jukwaa tupu humfukuza. Ndiyo maana watu 400 waliotawanyika pande zote ni hasara. Watengee wageni kona yao, kisha wa kwenu wote wakae jukwaa moja, lile linaloonekana kwenye kamera. Idadi ni ileile, lakini uwanja unakuwa na sauti.

Mshindani wako ni kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira wa Ulaya kwenye TV, kuliko timu nyingine yoyote ya mkoa. Mechi nyingi za Jumamosi za Ligi Kuu ya England huanza saa 9 alasiri kwa saa za kwao. Kwetu ni saa 11 jioni, ila kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi, wanaporudisha saa nyuma, inakuwa saa 12 jioni. Mechi yako ya saa 10 inaisha kama saa 12 kasoro dakika 10. Kwa hiyo Novemba mtu anaweza kuona zote mbili, lakini Septemba mnagongana katikati, na yeye atabaki kibandani. Kwa miezi hiyo omba Jumapili, na uombe kabla ratiba haijapangwa.

Kiingilio nacho kitazame kwa macho ya anayelipa. Tiketi ikiwa 3,000, nauli kwenda na kurudi 1,200, soda na karanga 1,500, tayari ni 5,700 kwa mtu mmoja. Akija na watoto wawili wanaolipa kama yeye, inafika 17,100, na hapo ndipo baba wa familia anapoghairi. Mtoto aingie bure akiwa na mtu mzima aliyelipa. Lakini usigawe tiketi za bure ovyo. Aliyepewa bure haji mvua ikinyesha, aliyenunua anajiona mjinga, na mechi inayofuata wote wanasubiri za bure. Bora uuze kifurushi cha mechi 5 kwa bei ya 4 kabla msimu haujaanza. Fedha inaingia mapema, na mtu ana sababu ya kurudi hata baada ya kufungwa 3-0.

Geti linasahaulika sana. Ukaguzi ukichukua sekunde 6 kwa mtu, foleni moja inapitisha 10 kwa dakika. Siku mkipata watu 1,800, nao wakafika ndani ya nusu saa ya mwisho kama ilivyo kawaida ya mashabiki, unahitaji foleni 6. Ukiwa na 2, wengi watakosa sehemu ya kipindi cha kwanza au chote, na hao hawarudi.

Matangazo ni rahisi kuliko unavyodhani: gari la matangazo jioni ya kuamkia mechi na asubuhi yake, redio ya mkoa, magrupu ya WhatsApp ya mitaa. Kila tangazo litaje saa, kiingilio, tiketi zinauzwa wapi, na kitu kingine kimoja kitakachokuwepo.

Kwa wadhamini, usipeleke barua ya kuomba msaada. Mfanyabiashara ananunua njia ya kuwafikia watu. Nembo kifuani ni kipande kidogo tu. Mpelekee idadi ya wanaoingia, mitaa wanayotoka, na utakachomfanyia: meza yake getini, jina lake kwenye tiketi, zawadi yake wakati wa mapumziko. Usichukue wawili wa biashara moja. Kabla ya kusaini soma kanuni za ligi kuhusu wadhamini, maana udhamini wa ligi unaweza kukubana. Msimu ukiisha mpelekee ripoti yenye picha na hesabu, hata kama hakuiomba. Hiyo ndiyo inayomrudisha mwaka wa pili.

Jezi zisizinduliwe kabla hazijafika dukani, zikiwa na saizi za watoto na za wanawake. Ukizindua leo na kuuza baada ya wiki tatu, wauza jezi feki watakuwa wameshamaliza soko lako.

Jumamosi hii, kabla hujabadilisha chochote, simama getini na kalamu. Waulize watu 50 maswali matatu: unatoka mtaa gani, umejuaje kuna mechi, umekuja na nani. Jumapili nenda vibandani ukawaulize walioacha kuja ni kitu gani kiliwakatisha tamaa. Usiwabishie, andika tu. Nitumie majibu kama yalivyo, pamoja na zile kanuni za wadhamini, tuzipitie pamoja.

Nakupenda,
Mama yako