Alfred Krupp alirithi nini hasa?

Mmeuliza wiki hii kama mtoto wa ukoo tajiri anastahili kusifiwa kwa mali yake. Mimi naanza na alichokuta mezani. Wazee wa Alfred Krupp, mwenye kiwanda cha chuma wa Ujerumani wa karne ya 19, walikuwa wafanyabiashara mjini Essen tangu karne ya 16, lakini baba yake, Friedrich, aliteketeza fedha akitafuta siri ya Waingereza ya kuyeyusha chuma cha pua. Alipofariki mwaka 1826 aliacha madeni na wafanyakazi kama 7. Alfred alikuwa na miaka 14. Huo ni mzigo, si urithi.

Na kazi yenyewe haikuwa na msamaha. Chuma kiliyeyushwa katika vyungu vidogo vya udongo na grafiti. Ukitaka pande kubwa, vyungu vingi sharti viive kwa wakati mmoja, wanaume wavinyanyue kwa koleo na kumimina kwa zamu, mkondo usikatike hadi kalibu ijae. Chungu kimoja kikichelewa, chuma kilichotangulia huanza kuganda juu, na kinachofuata hakishikamani nacho. Kasoro hiyo hujificha ndani mpaka nyundo ilipasue pande. Hivyo ndivyo pande la karibu tani 2 lilivyopatikana kwa maonyesho ya London ya mwaka 1851.

Halafu tairi la chuma la gurudumu la treni. Wengine walikunja fimbo ya chuma na kuunga ncha zake; penye kiungo ndipo lilipokatika, treni ikiwa mbioni. Krupp alipasua kipande katikati bila kufikia ncha, akautanua ufa kwa kabari hadi ukawa pete, kisha akaiviringisha kwenye rola. Kiungo hakuna. Pete 3 za nembo ya kampuni ndizo tairi hizo.

Nilitaka kuhitimisha kwamba hakurithi kitu. Siwezi. Mama yake, Therese, ndiye aliyebaki mwenye kiwanda baada ya mumewe. Binamu yake aliingiza mtaji. Mwaka 1848 vyombo vya fedha vya familia viliyeyushwa ili watu walipwe. Mtoto wa mhunzi wa kawaida angeyeyusha nini?

Basi sifa za tairi nampa, ila Therese akatiwe fungu lake. Za mizinga ya kivita, ambayo Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, iliagiza zaidi ya 300 mwaka 1859, simpi.