Wiki 28 ni miezi mingapi?

SWALI: Habari zenu, naishi Umoja na hii ndio mimba yangu ya kwanza. Juzi kliniki nesi aliniandikia kwa kitabu wiki 28, kufika nyumbani bwanangu akagawanya kwa nne akasema ni miezi saba, tisa toa saba, imebaki miwili. Mama mkwe naye anasema ni sita na kitu. Nani yuko sawa? Na likizo ya kazi nitaipanga aje?

JIBU: Hongera sana mama. Mama mkwe ndiye yuko sawa, na bwanako asijisikie vibaya, hiyo ya wiki nne kwa mwezi ndio watu wengi wanatumia. Lakini mwezi wenye wiki nne kamili ni Februari peke yake, ile ya siku 28, hiyo mingine yote ina siku mbili au tatu juu na hizo siku zinazidi kujikusanya. Kwa wastani mwezi ni kama siku 30.4, yaani wiki 4.35 hivi.

Geuza kwanza kila kitu kuwa siku. Wiki 28 mara saba ni siku 196, miezi sita inakula kama 183, zinabaki 13, so uko miezi sita na karibu wiki mbili. Nesi anahesabu mpaka wiki 40, siku 280, ambayo ni miezi tisa na kama wiki moja (ukigawanya 40 kwa nne unapata miezi kumi, hapo tu unaona hesabu imekataa). Kwa hivyo umebakisha wiki 12, karibu miezi mitatu, ingawa mtoto anaweza kuja mapema kidogo, kuanzia wiki ya 37 jiweke tayari. Na ujue wanaanza kuhesabu siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, sio siku mimba iliingia.

Sasa likizo, hapa naomba uwe makini sana. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa miezi mitatu na mshahara kamili, miezi, sio wiki 12. Wiki 12 ni siku 84. Ukianza tarehe 1 Julai miezi mitatu inaisha 30 Septemba, hizo ni siku 92, ukikubali kuandikiwa wiki 12 umepoteza siku nane na mtoto bado mchanga. Kwa barua yako andika tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi, na uipeleke angalau siku saba kabla.

Hata kwa chama ni hivyo hivyo, mia tano kila wiki ni 26,000 kwa mwaka, elfu mbili kila mwezi ni 24,000, kwa sababu mwaka una wiki 52 sio 48. Mwambie bwanako aweke akiba kwa hesabu ya wiki, hiyo elfu mbili ya juu itawafaa mkienda kujifungua.