Usilipe hiyo sarafu ya farasi kabla hujaipima (jibu kwa mdogo wangu wa Moshi)

Mdogo wangu, usiende Jumamosi kwa huyo muuza sarafu. Au nenda, lakini hiyo milioni moja na laki mbili iache Moshi, tena iache kwa mtu mkali.

Naona wenzangu hapo juu wameshaanza kukupongeza eti umeokota zali. Zali gani? Nimesoma uzi wako mara mbili. Umeuliza sarafu za kale zenye farasi uanzie wapi, uzihifadhi vipi, kama ndimu inafaa kuzing'arisha, na forodha watakusumbua kiasi gani ukiagiza nje. Maswali mazuri. Halafu chini kabisa, kana kwamba ni kajambo kadogo, umeweka picha na maneno haya: kuna mzee Arusha anauza sarafu ya fedha ya Philip wa Pili wa Makedonia, baba yake Alexander, na babu wa mzee huyo alikuwa keya (askari wa jeshi la Mwingereza huku kwetu), akaileta kutoka Misri wakati wa vita vya Hitler. Chai ilinipalia.

Huyo babu namfahamu. Mwaka 2016 na mimi niliuziwa sarafu yake. Wakati ule alikuwa ameipata Abisinia, naona siku hizi wamemhamishia Misri.

Nianze na ujinga wangu ili usione nakusema wewe. Miaka hiyo nilikuwa nimeshashikwa na huu ugonjwa wa farasi. Sijui ulitoka wapi, maana huku Arusha mimi nimekua na punda. Farasi nilimwona kwa mbali, kapanda mtalii. Sarafu zetu za zamani nazo hazina farasi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na simba, na ile rupia 15 ya dhahabu waliyoigonga Wajerumani pale Tabora mwaka 1916 ina tembo na mlima. Basi nikawa nasoma za wenzetu kwenye simu usiku, mama watoto akidhani nina mchepuko. Ingekuwa nafuu.

Nilichokipenda kuliko vyote ni hicho hicho unachokitaka wewe. Jina Philip kwa Kigiriki maana yake ni mpenda farasi, kwa hiyo kina Filipo wote wa Kibosho na Uru wanatembea na farasi jinani bila habari. Mwaka 356 KK farasi wa mfalme huyo alishinda kwenye Michezo ya Olimpiki, mwaka uleule aliozaliwa Alexander, na jamaa hakuwa mtu wa kunyamazia ushindi. Kwenye sarafu zake kubwa za fedha kuna kijana juu ya farasi, kashika tawi la mtende la mshindi, na upande wa pili kichwa cha Zeus mwenye ndevu. Sasa mtu mwenye wazimu wa namna hiyo unamkalisha kwenye hoteli ya chapati na supu karibu na stendi, unamfungulia leso, ndani kuna kitu hicho. Nilisikia kama nimeitwa kwa jina la ubatizo.

Bei ilianzia milioni na nusu, ikashuka hadi laki tisa. Nilijiona nimeshinda. Hela yenyewe ilikuwa mkopo wa kikoba, wa kuezekea vyumba viwili vya uani, na mweka hazina wa kikoba ni shemeji yangu. Kumbuka hilo neno kuezeka, tutalirudia.

Na usidhani nilikwenda kichwa kichwa. Nilikwenda na mtaalamu. Mjini walikuwa wanamwita Profesa, na mimi sikujiuliza ni profesa wa nini. Alitoa mfukoni kisumaku kilichong'olewa kwenye spika ya redio, akakigusisha kwenye sarafu, hakikushika. Akanitazama kama daktari anayekuambia mtoto ni wa kiume: "Umeona? Fedha halisi haishikwi na sumaku." Nikatikisa kichwa. Kisha akaing'ata, sijui alikuwa anatafuta ladha gani. Kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha akatamka kwamba ina miaka elfu mbili na mia tatu, bila hata lenzi, utadhani alikuwepo kwenye sherehe.

Hapa naomba nipumue, kwa sababu huyu Profesa hadi leo nikimkumbuka mkono unawasha. Ni kweli fedha haishikwi na sumaku. Lakini risasi pia haishikwi. Shaba haishikwi, zinki haishikwi, sufuria la aluminiamu halishikwi, ugali haushikwi! Sumaku inaweza kukuambia kitu kina chuma, basi, na mtu wa kughushi fedha atumie chuma ana kichaa? Kipimo ambacho kila mwongo anafaulu si kipimo. Na alijua. Baadaye nilikuja kusikia kwamba katika zile laki tisa, Profesa alikula cha juu laki moja. Yaani nilimlipa nauli na supu mtu wa upande wa pili.

Wiki mbili nililala na sarafu chini ya mto. Ya tatu nikaenda kumringishia jirani yangu, dalali wa tanzanite, mtu wa maneno machache. Akatoa kamizani kake ka mfukoni, kale kanakofunguka kama simu ya zamani, akaiweka. Namba ikasoma 54.

Mimi nilikuwa nimekariri kwamba sarafu ya namna ile inatakiwa iwe na gramu 14 na pointi, kama 14.4. Nikaona 54 nikaruka: kumbe nimepata jitu! Jirani akacheka hadi akakaa chini. Mizani yake ilikuwa kwenye karati. Karati 5 ndiyo gramu 1, kwa hiyo 54 gawa kwa 5 ni gramu 10.8. Sarafu ya Philip ya gramu 14.4 ilitakiwa isome karati 72. Karati 18 zimekwenda wapi?

Nikaanza kuitetea, unajua tena mtu akishalipa. Nikasema imechakaa, ni ya kale, imepita mikono mingi. Akaniuliza swali moja tu: "Imepoteza robo ya mwili halafu ndevu zote za mzee zimebaki?" Sarafu ikichakaa hupungua sehemu ndogo ya gramu, na kabla haijapungua sana sura inakuwa imeshalainika. Yangu ilikuwa na ndevu kama imetoka kinyozi jana.

Akafanya na jambo la pili, wanalolifanya kwenye mawe. Akaifunga kwa uzi, akaipima ikiwa imening'inia ndani ya maji bila kugusa chini. Kutoka 54 ikasoma 47, imepungua 7. Unachukua ule uzito wa kwanza unagawa kwa kilichopungua: 54 kwa 7 ni 7.7. Fedha safi inatoa 10.5, na fedha ya sarafu hizi inakaa karibu na hapo. Bati (tin) inatoa 7.3, risasi 11.3. Kwa hiyo nilichokuwa nalala nacho kilikuwa bati lenye risasi kidogo. Sonara niliyempelekea kesho yake akasema hivyohivyo, tena bila kuombwa, na akaniuliza kama ni kifungo.

Umeelewa sasa? Nilikopa hela ya bati nikanunua bati. Gramu 10.8 za bati kwa laki tisa, na marejesho kila wiki kwa shemeji, ambaye kila nilipompa hela aliuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, vyumba vimefikia wapi?" Masika yale tulitandaza turubai. Mama watoto hakusema neno kwa siku nne. Siku ya tano alisema, na yale hayaandikiki hapa.

Baada ya kujua ndipo macho yakafunguka. Ubavuni ilikuwa na mshono mwembamba umezunguka pande zote, umepigwa tupa ili usionekane. Sarafu za Wagiriki ziligongwa: kipande cha fedha kinawekwa kati ya mihuri miwili, nyundo inashuka, na mara nyingi ukingo unapasuka kidogo. Hazina mshono wa namna ile. Mshono ni wa kitu kilichomiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili. Na pale patupu kuzunguka picha kulikuwa na vitundu vidogo kama vya maandazi, hewa iliyonasa wakati wa kumimina. Vyote hivyo vilikuwepo siku ile hotelini. Nilikuwa naangalia farasi.

Sasa rudi kwenye picha yako. Jana usiku nilifungua droo nikatoa yangu, nikaiweka kando ya simu. Yangu ina kovu nyuma ya paja la farasi, kama alama ya ukucha. Yako inalo. Yangu ukingo umemeguka upande wa chini, kama pale penye namba 7 kwenye saa ya ukutani. Yako nayo. Sarafu mbili zilizogongwa kwa mkono zinaweza kutoka kwenye muhuri mmoja, lakini hazimeguki mahali pamoja na kuchubuka mahali pamoja. Hizi ni pacha, mama yao ni kalibu moja. Yule keya aliingia vitani na sarafu moja akarudi na debe.

Kwa hiyo kanuni ni moja na ndiyo ninayokuachia: mizani kabla ya pesa. Nunua kamizani ka mfukoni, Arusha vimejaa kwa sababu ya madini, bei yake haifiki nauli zangu za kwenda kumtafuta Profesa. Hakikisha kanasoma gramu, usiaibike kama mimi. Jua uzito wa kitu kabla hujakutana na muuzaji. Philip ni 14.4. Za Alexander za saizi hiyo ni 17.2, maana yeye alifuata kipimo cha Athene. Farasi mwenye mabawa wa Korintho ni kama 8.6. Pauni ya dhahabu ya Kiingereza, yenye Mtakatifu George juu ya farasi anaua joka, ile aliyoichora mchongaji Pistrucci ikaanza kutoka 1817, ni 7.98. Hiyo ndiyo utakayokutana nayo sana mikononi mwa watu, na bandia yake ya shaba nyeupe au njano iliyopakwa dhahabu, ikiwa na ukubwa uleule, haifiki hata 5. Usibishane na mtu, weka tu kwenye mizani.

Najua atatokea mjuaji hapa kusema ziko bandia zenye uzito kamili. Zipo. Uzito sahihi haukuambii ni halisi. Uzito mbovu unakuambia uondoke, na mimi ningeondoka na laki tisa zangu.

Kuhusu kuanzia, kama bado unataka baada ya haya: achana na wafalme wa fedha kwanza. Tafuta shaba ndogo za Warumi za Kaisari Constantius wa Pili, zile zilizoanza mwaka 348, zimeandikwa FEL TEMP REPARATIO, yaani nyakati za heri zimerudi. Kuna askari anamchoma mkuki adui anayeporomoka kutoka kwenye farasi, na farasi mwenyewe ameanguka kifudifudi, unamhurumia. Ziligongwa kwa wingi mno, ndiyo maana bei zake ni za kibinadamu. Nakiri kwa hizo kanuni yangu inachechemea, kwa sababu zilizidi kuwa ndogo miaka ilivyokwenda na uzito unarukaruka. Ila hata ukipigwa, umepigwa hela ya soda. Ukitaka farasi wa bara letu, ziko shaba za Karthago, huko Tunisia ya leo, farasi kasimama mbele ya mtende. Nyingine ni kubwa na nafuu: krauni ya Uingereza ya 1953, Malkia juu ya farasi, gramu 28.28. Si ya fedha, kwa hiyo mtu akikuambia ni ya fedha umeshamjua.

Ndimu ni ya mishikaki. Usiiguse sarafu na ndimu.

Mengine uliyouliza nimeyasahau na sasa hivi mvua inaanza, naenda kuangalia vyumba vya uani (vimeezekwa, 2019, usiulize kwa hela ya nani).

Jumamosi ukiamua kupanda Coaster uje, nitumie ujumbe pembeni nikukute hotelini na mizani. Utamwambia mimi ni mjomba wako nimekuja kunywa chai. Yangu nitakuwa nayo mfukoni, ataweka yake mezani na mimi nitaweka yangu kando yake, kovu kwa kovu. Ila kwanza uniambie kitu kimoja: huyo mzee ana kofia ya pama ya kahawia na jino la mbele limevunjika? Kama ndiye, usimwambie nakuja.