Uliza Fundi: Kwato za Punda na Farasi

Fundi, salaam. Punda wangu hubeba mchanga na mawe ya kujengea. Kwato zake za mbele zimerefuka hadi zimepinda juu kama omo la jahazi. Jirani ananishauri nizikate zote siku moja kwa msumeno. Je, ni sawa? (Msomaji, Lamu)

Wa alaikum salaam. Si sawa hata kidogo. Msumeno uweke kando. Ukwato uliorefuka hivyo hauonyeshi kwa nje nyama hai imefika wapi, na kano za mguu zimeshazoea mkao huo mbaya. Punguza kidogo kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka urudi umbo lake, kisha uendelee kukata kila wiki 6 hadi 10. Kwa mara ya kwanza mpeleke kwenye kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la kuhudumia punda, iliyoko hapo Lamu tangu 1987. Punda huficha maumivu, na kwato za namna hii mara nyingi zina ugonjwa ndani.

Ukisha kupata ruhusa ya daktari, inua mguu chini chini tu, maana punda akiinuliwa sana huyumba na kupigana nawe. Kwangua uchafu kutoka kisigino kuelekea ncha. Ile pembetatu laini ya katikati usiichonge. Ondoa vipande vinavyoning'inia tu. Wayo ukwangue mpaka unga mkavu uishe, halafu ubonyeze kwa kidole gumba: ukibonyea, au ukiona rangi ya waridi, umeshafika mwisho.

Kinachokatwa hasa ni ukuta wa nje. Anza kisiginoni kwa koleo la kukatia kwato, zunguka hadi upande wa pili, meno ya koleo yakilala sambamba na wayo. Bakiza milimita 3 hivi kwa ajili ya tupa. Piga tupa kutoka kisigino hadi ncha kwa mkono ulionyooka, kisha mtazame kwa ubavu akiwa amesimama mahali tambarare. Mstari wa mbele wa ukwato unatakiwa uendelee na mstari wa mguu ulio juu yake bila kuvunjika. Ukwato wa punda husimama wima kuliko wa farasi, nyuzi 55 hadi 65 hivi. Wengi waliojifunzia kwa farasi hushusha visigino vya punda kupita kiasi, na uzito wote ukaangukia kano za nyuma.

Punda wangu anavuta mkokoteni barabara ya lami. Nimpigilie viatu vya chuma? (Msomaji, Naivasha)

Pima kwanza. Chukua utepe, pima sehemu ya mbele ya ukwato kutoka manyoya yanapoishia hadi ncha, andika, urudie kila mwezi. Urefu usipopungua, ukwato unakua sawasawa na unavyolika, na viatu havihitajiki. Ukipungua mwezi hadi mwezi, na punda akawa anachagua pa kukanyaga kwenye kokoto, hapo viatu vina maana.

Ila visiwe vya farasi vilivyopunguzwa. Ukwato wa punda ni mwembamba, na kiatu ndicho kinachopindwa kifuate ukwato. Ukwato hauchongwi ukifuate kiatu. Misumari ya seremala ni marufuku, kwani ni minene na hupasua ukuta.

Farasi wangu alipigiliwa viatu juzi, akawa mzima. Leo anachechemea mguu wa mbele na ukwato una joto. (Msomaji, Arusha)

Inaelekea msumari mmoja umepita karibu mno na nyama hai. Msumari uliochoma nyama yenyewe humfanya farasi aruke papo hapo. Uliopita karibu husukuma taratibu, naye huanza kuchechemea baada ya siku moja au zaidi. Gonga kila kichwa cha msumari kwa nyundo ndogo, utaona ni upi unaomfanya avute mguu. Nyoosha ncha zilizokunjwa, kisha ng'oa misumari mmoja mmoja ukiutazama kila mmoja: wenye unyevu, weusi au harufu ndio wenye kosa. Toa kiatu, funga ukwato kwa kitambaa safi, umwite daktari siku hiyo hiyo. Mwulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda, kwani tundu refu na finyu ndipo vijidudu vyake hustawi.

Safari ijayo mwangalie fundi wako. Msumari wa farasi umechongwa upande mmoja wa ncha, na upande huo huelekezwa ndani ili ncha ijipinde kwenda nje. Unatakiwa utokeze ukutani karibu sentimita 2 juu ya kiatu. Ukiingia kwa mlio mzito, laini, au usipotokeza, ung'olewe mara moja. Na asipigilie nyuma ya sehemu pana zaidi ya ukwato, kwa sababu visigino hutanuka kila farasi anapokanyaga.

Nipake mafuta ya nazi kwato zing'ae? (Msomaji, Tanga)

Zitang'aa, lakini hayatibu kitu. Fagia mkojo bandani kila siku, ukaushe sakafu. Ile pembetatu laini ya katikati ya ukwato ikinuka na kutoa uchafu mweusi, ioshe, ikaushe vizuri na upake ayodini kila siku mpaka harufu iishe.