Kubandua tinti kuukuu kioo cha nyuma

Mkuu, umeuliza kama wembe unatosha kutoa tinti ya gari, ile plastiki nyembamba ya giza ya kwenye vioo, iliyofanya malengelenge. Vioo vya milangoni sawa, cha nyuma usithubutu! Ile mistari myembamba ya kuondoa ukungu iko upande wa ndani, palepale ilipobandikwa tinti. Ukiikwangua imekufa.

Egesha juani saa sita mchana, kisha ipashe tinti kona moja kwa drai ya nywele mpaka ilainike. Inyanyue kwa kucha, uvute polepole huku ukiendelea kupasha mbele yake. Mimi nilivuta kwa pupa, ikachanika vipande vipande, nikashinda nakwangua gundi. Gundi ikibaki, lowesha kwa maji moto ya sabuni, subiri, ufute kwa kitambaa kufuata mistari, usiikatize.