Hiyo baa ya Volcano ilikuwa ya kweli?

SWALI: Habari za hapo gazetini. Mimi nakaa Baltimore, na kazini kuna bibi mmoja huwa ananiambia eti mitaa ya pale East Baltimore Street zamani iliitwa "rezavesheni", na watu wa kwao walikuwa na baa yao inaitwa Volcano. Nikacheka nikijua ananitania, kwani rezavesheni, ile ardhi waliyotengewa wenyeji wa asili wa Marekani, si ni kule jangwani kwenye sinema za farasi? Anasema yeye ni Mlumbee. Ni kweli ama ni stori tu?
– Msomaji, Maryland

JIBU: Hakutanii, na ukimwona mwombe radhi kwa hicho kicheko.

Walumbee ni wenyeji wa asili wa Marekani, kwao ni Robeson County, North Carolina, kando ya mto Lumber, kama kilomita 600 kusini ya hapo ulipo. Baada ya vita kuu ya pili wakaanza kuja Baltimore kwa sababu ileile iliyokutoa wewe nyumbani, yaani kazi, maana kulima tumbaku na pamba kwenye shamba la mtu kulikuwa hakulipi, halafu ubaguzi wa kule ulikuwa wa mafungu matatu, shule za weupe, za weusi na za "Wahindi", yaani hao wenyeji wa asili, si watu wa India. Baltimore kulikuwa na viwanda na mijengo. Anatangulia mmoja, anamvuta ndugu, ndugu anamvuta shemeji, mwisho wakajaa mitaa inayozunguka Baltimore Street na Broadway mpaka wenyewe wakapaita rezavesheni. Jina la utani tu, rezavesheni ya serikali hawakuwahi kuwa nayo hata kule kwao.

Sasa Volcano. Ilikuwa kona ya North Ann na East Fairmount, na sifa yake kubwa ni ngumi, jina liliwafaa kabisa! Lakini mimi naona tukiishia kwenye ngumi tunaikosea. Fikiria umeshuka mjini juzi, ukipita barabarani watu hawajui hata wewe ni kabila gani, halafu unasukuma mlango unasikia lafudhi ya kwenu. Walumbee wakikutana huulizana "watu wako ni kina nani?", sisi tungesema we mtoto wa nani, na ukishajibu hilo hauko mgeni tena. Na haikuwa baa peke yake, kulikuwa na Sid's Ranch House pia, na kwa wasiogusa chupa kulikuwa na kanisa, maana Walumbee ni Wabaptisti haswa (nahisi wapo waliokuwa wanachama wa kote kuwili, Jumamosi huku Jumapili kule). Mwaka 1968 wakaanzisha na kituo chao, ndicho leo kinaitwa Baltimore American Indian Center, kipo South Broadway, nenda kakione.

Kilichowatawanya ni mipango ya jiji ya kubomoa na kujenga upya, pamoja na wenyewe kupata hela kidogo wakahamia nje ya mji. Ukipita leo, ukiacha kituo hicho, karibu huoni dalili. Ndiyo maana Ashley Minner, msanii na mtafiti Mlumbee wa hapohapo Baltimore, akakaa na wazee akichora upya ramani ya mtaa, duka kwa duka na baa kwa baa, kutoka vichwani mwao.

Na wewe mzee unaye hapo kazini, bure kabisa. Muulize Volcano alikuwa anakaa upande gani, karibu na mlango au kule ndani.